Mwimbaji unamjua kwenye albamu au jukwaani? Tuongee laivu

kipaza_juu:

Wakuu habari za muda huu. Leo naomba tuongee kuhusu albamu za laivu, yaani zile zilizorekodiwa mwimbaji akiwa jukwaani na watu wako mbele yake wanapiga kelele. Msimamo wangu nauweka mapema ili mtu asije akasema nimezunguka: mi mwimbaji namjua nikimsikia laivu. Za studio nazipenda na nasikiliza nyingi tu, lakini kule studio mtu anarudia mstari mmoja mpaka upatikane ule mzuri, na usipopatikana wanaunganisha nusu ya hapa na nusu ya pale. Jukwaani sauti ikishatoka imetoka.

Mfano ninaoutumiaga nikibishana na watu ni Sam Cooke. Ukisikiliza nyimbo zake za studio ni sauti laini, safi, kila kitu kimenyooka, mtu wa heshima zake. Sasa Januari 1963 wakamrekodi kwenye klabu moja Miami inaitwa Harlem Square Club, na yule Sam Cooke wa usiku ule ni mtu mwingine kabisa jamani, sauti inakwaruza, anacheka katikati ya mstari, anawachokoza watu waitikie, King Curtis anapuliza saksafoni pembeni yake, ukumbi wote unaimba kiasi kwamba kuna sehemu humjui nani mwimbaji nani shabiki. Kampuni iliyokuwa inamrekodi ikaona mziki huu ni mkali mno kwa jina lake la nyimbo laini, wakaufungia kabatini mpaka 1985 ndo ukatoka, na mwenyewe alishafariki tangu Desemba 1964! Albamu ya laivu waliyoitoa akiwa hai ni ile ya ukumbi wa Copa, New York, 1964, watu wamekaa mezani wanakula na yeye anaimba kwa adabu zote. Si mbaya ile. Ila weka hizo mbili moja baada ya nyingine halafu uje uniambie ni ipi inakufanya usimame.

Wa pili Bob Marley. No Woman, No Cry ya studio iko kwenye Natty Dread ya 1974, iko haraka haraka kidogo, ngoma zake ni za mashine, inapita tu. Ile ambayo dunia nzima inaijua ni ya laivu, Lyceum Theatre London, Julai 1975, kinanda kinaanza polepole na watu wanaimba kiitikio hata Marley mwenyewe hajafungua mdomo. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye chati za Uingereza. Wimbo ule ule, mwimbaji yule yule, haijapita hata miaka miwili katikati.

Na James Brown ndo kabisa. Live at the Apollo ilirekodiwa Oktoba 1962 na aligharamia mwenyewe, kwa sababu bosi wa kampuni yake Syd Nathan alimwambia albamu ya laivu isiyo na nyimbo mpya nani atanunua. Ilipotoka 1963 ikapanda mpaka namba 2 kwenye chati ya Marekani ya Billboard na ikakaa humo wiki 66. Albamu yenyewe ni kama nusu saa tu! Lakini ile Lost Someone humo ndani, anavyoshusha bendi mpaka inanong'ona halafu anawaacha akina dada wapige mayowe kwanza ndo anaendelea, studio gani itakupa hiyo.

Sasa maswali yangu ni haya. Kwanza, nani mwingine mnamjua ambaye laivu yake imeipita studio kwa mbali, nitajieni albamu kabisa, msinitajie jina tupu. Pili, na hili linanisumbua zaidi, mbona kuna waimbaji albamu zao ni tamu sana halafu wakipanda jukwaani wanapotea, sauti inakuwa juu ya noti au chini ya noti, pumzi hakuna? Ni uwezo au kuna kitu kingine sisi wasikilizaji hatukioni?

dada_wa_zamani:

Kaka umegusa penyewe. Mimi sitakupa orodha ndefu, nitakupa mmoja halafu nitakuongezea wa pili kwa sababu siwezi kujizuia.

Aretha Franklin, Amazing Grace, 1972. Ilirekodiwa siku mbili, tarehe 13 na 14 Januari, ndani ya kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, akiwa na mchungaji James Cleveland na kwaya yake ya Southern California Community Choir. Aretha wakati huo alishakuwa nyota mkubwa wa soul, hakuwa na haja ya kurudi kanisani kutafuta jina, na ndiyo albamu iliyokuja kuuza kuliko zote alizowahi kutoa. Wimbo wenyewe uliobeba jina la albamu anauimba zaidi ya dakika kumi, silabi moja anaizungusha na kuipandisha mpaka unajiuliza anapumua saa ngapi. Walipiga na filamu siku zile ila picha na sauti zikashindikana kupangwa pamoja, ikakaa stoo mpaka 2018. Itafuteni muone James Cleveland anavyoacha kinanda na kukaa chini akilia. Huyo ni mtu aliyekulia kwenye injili, amesikia sauti za kila aina maisha yake yote, na bado alishindwa kuendelea. Babake Aretha naye yupo pale siku ya pili, amekaa mbele. Mimi ile naiona kuwa rekodi kubwa kuliko zote za sauti ya binadamu na sitabadilisha mawazo hata mseme nini.

Wa pili ni Ella Fitzgerald, Berlin, Februari 1960. Anaimba Mack the Knife na katikati maneno yanampotea kabisa, hajui mstari unaofuata. Mwimbaji mwingine angesimamisha bendi. Ella anaanza kutunga papo hapo, anaimba kwamba maneno ameyasahau, na anafanya hivyo ndani ya mdundo, vina vinakaa, halafu anaigiza sauti ya Louis Armstrong, bendi inamfuata wala hailegei. Wakaiacha hivyo hivyo kwenye albamu na ikamletea Grammy. Kwa hiyo hapo kwenye swali lako la kwanza mimi naongeza kitu: laivu unamjua mwimbaji pale mambo yanapoharibika. Yakienda sawa kila mtu mzuri.

ukimya_wa_studio:

Mimi nipo tofauti na nyie wote wawili na naomba mnisikilize kwanza.

Mnaongea kana kwamba studio ni mahali pa kudanganyia. Studio ni chombo, kama gitaa lilivyo chombo. Beatles waliacha kabisa kuzunguka kufanya maonyesho Agosti 1966. Mwaka mmoja nyuma walikuwa Shea Stadium, New York, watu zaidi ya 55,000, kelele za mashabiki ni nyingi kiasi kwamba wao wenyewe hawajisikii wanachopiga. Hiyo laivu ina faida gani? Walipoacha wakaingia studio na 1967 wakatoa Sgt. Pepper, albamu ambayo wakati ule isingewezekana kupigwa jukwaani na watu wanne. Mngetaka waendelee kupigiwa mayowe?

Na Marvin Gaye. What's Going On ya 1971, ile sauti yake inayojiitikia yenyewe, Marvin anaimba na Marvin anajibu, ilipatikana pale walipocheza njia mbili za sauti yake kwa pamoja, na aliposikia akaamua ibaki hivyo na akaifanya ndo mtindo wake. Utaifanyaje jukwaani ukiwa na koo moja? Na ni mtu aliyekuwa na hofu kubwa ya jukwaa, inajulikana. Kwa kipimo chenu mnamweka wapi?

Halafu hizo albamu zenu za laivu mnaziamini kupita kiasi. Johnny Cash alirekodi ndani ya gereza la Folsom Januari 1968, albamu nzuri sana naikubali, ila zile shangwe za wafungwa anapoimba mstari wa kumpiga mtu risasi ziliongezwa baadaye wakati wa kumiksi. Wafungwa wenyewe walikaa kimya pale, askari wanawaangalia wangeshangiliaje. Thin Lizzy nao albamu yao ya Live and Dangerous ya 1978 mpaka leo watu wanabishana, prodyuza Tony Visconti anasema sehemu kubwa ilirudiwa studio, wenyewe bendi wakakataa. Kwa hiyo unaposema jukwaani hakuna kurudia, unazungumzia usiku wenyewe. Albamu ya laivu nayo imepita mikononi mwa mtu wa studio.

kipaza_juu:

Mkuu hoja ya Folsom naipokea, ni kweli albamu ya laivu ina mkono wa mtu ndani. Lakini Marvin Gaye umenipa mwenyewe bila kujua. Sikiliza Distant Lover ya studio kwenye Let's Get It On ya 1973, wimbo mzuri umetulia. Halafu sikiliza aliyoimba Oakland Januari 1974 iliyoko kwenye Marvin Gaye Live!, anavyosimama kabla ya mstari na ukumbi mzima unapasuka, watu hawajamaliza kupiga kelele anashusha neno moja tu, wanapasuka tena. Huyo ni mtu unayesema anaogopa jukwaa. Koo moja hilo hilo! Kule studio anajiitikia mwenyewe, Oakland wamemuitikia maelfu, na mi nachagua Oakland.

Beatles sina la kusema, pale uko sahihi.

fundi_mitambo_wa_bendi:

Wakuu mi sio mwimbaji, mi nakaa nyuma ya miksa, kwa hiyo nijibu lile swali la pili maana naona mmelikimbia na ndo swali la maana zaidi kwangu.

Mtu anaposema mwimbaji fulani jukwaani hajui kuimba, mara nyingi tatizo linaanzia masikioni mwa mwimbaji, koo linakuja baadaye. Ili uimbe kwenye noti lazima ujisikie. Studio umevaa hedifoni, sauti yako iko wazi, vyombo vimepangwa kama unavyotaka, chumba kimya. Jukwaani nyuma yako kuna drami zinapigwa kwa nguvu, kushoto ampu ya gitaa imefunguliwa mpaka mwisho kwa sababu mpiga gitaa naye anataka kujisikia, na spika kubwa zimeelekezwa kwa watu, wewe unasikia mgongo wake tu, besi inarudi imevurugika. Ndo maana tunaweka monita miguuni kwa mwimbaji, yaani spika inayomwelekea mwenyewe ajisikie. Monita zikiwa mbovu au zikiwa chini mwimbaji anafanya kitu ambacho kila binadamu anafanya kwenye kelele, anaongeza sauti. Akiongeza sauti anakaza koo, akikaza koo noti inahama, na kufika wimbo wa nne au wa tano sauti imeshachoka na shoo ina saa nzima mbele. Mashabiki wanasema hajui kuimba. Tangu miaka ya tisini wengi wakubwa wakahamia kwenye monita za masikioni, na hizo zimeokoa koo nyingi sana, ila zinakutenga na watu, ndo mnaona mwimbaji katikati ya wimbo anachomoa sikio moja, anataka kusikia ukumbi.

Uwanja wa mpira ndo balaa lenyewe. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyekaa mita 100 kutoka jukwaani inamfikia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde. Wimbo wa kasi ya kati, mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Kwa hiyo mtu wa nyuma anapiga makofi akiwa amechelewa zaidi ya nusu pigo, na makofi yake yakirudi jukwaani yamechelewa mara mbili. Mwimbaji akianza kufuata makofi ya watu amekwisha. Ndo maana viwanja vikubwa tunaweka spika nyingine katikati na nyuma na tunazichelewesha kwa makusudi ziendane na zile za mbele.

Na hapa niseme kitu ambacho kitawaudhi wengine. Whitney Houston, ule wimbo wa taifa wa Marekani kwenye Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, Tampa, Januari 1991, ambao watu wanautaja kila siku kuwa laivu bora kuliko zote, sauti mnayoisikia ilirekodiwa kabla studio. Maiki yake ilikuwa imezimwa. Waliamua hivyo sababu ya hayo hayo ninayowaeleza, mwangwi wa uwanja, kelele, muda mfupi wa kupima mitambo. Je ubora wa Whitney unapungua? Kwangu mimi haupungui hata kidogo. Ule wimbo kwa asili unahesabiwa tatu tatu, wao wakaupanga upya kwa nne nne ili apate nafasi ya kuvuta zile noti, na akazivuta. Kuimba aliimba, ila sio saa ile mliyomuona.

Jambo la mwisho ni kii, yaani wimbo unaimbwa juu au chini kiasi gani. Wimbo uliorekodiwa ukiwa na miaka ishirini na mbili, ukiwa umepumzika, unaimba mara chache unaenda nyumbani, huwezi kuuimba kii ile ile ukiwa na hamsini kila usiku. Waimbaji wenye akili wanashusha nusu noti au noti nzima na hakuna anayejua. Wanaokataa kushusha kwa kiburi ndo hao mnaosema wamepotea.

dada_wa_zamani:

Fundi asante sana, hii ya makofi kuchelewa sikuwahi kuelezwa na mtu. Ila ya Whitney umeniumiza kweli. Najua ni kweli, nishaisoma, lakini kila nikiisikia inaniuma.

sebene_ndefu:

Naona mnazunguka Marekani na Uingereza tu jamani, na huku nyumbani kwa muziki kuna watu walioijibu hii hoja zamani.

Rumba. Wimbo wa rumba una nyumba mbili, kwanza mashairi polepole watu wanasikiliza maneno, halafu magitaa yanafunguka sebene na hapo maneno yamekwisha kazi yake. Sasa santuri ndogo ile ya zamani upande mmoja unabeba dakika chache tu, kwa hiyo nyimbo nyingi zikawa zinakatwa katikati, upande wa kwanza mashairi, unageuza ndo unapata sebene, na hata hiyo sebene inafifishwa wakati ndo kwanza imeanza kuchemka. Jukwaani hakuna upande A na upande B. Franco na bendi yake TPOK Jazz sebene inaendelea mpaka wachezaji wachoke, na Franco hachoki. Zaire 74, lile tamasha la siku tatu pale Kinshasa Septemba 1974 lililopangwa sambamba na pambano la Ali na Foreman, waliletwa James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Fania All Stars, Miriam Makeba, na wenyeji Franco na Tabu Ley wakapanda jukwaa lile lile. Sikilizeni rekodi za wenyeji halafu mniambie kama wamezidiwa na wageni. Mi nasema hawajazidiwa, na Tabu Ley wala hakuwa mgeni wa majukwaa makubwa maana 1970 alishapanda Olympia, Paris.

Na Fela Kuti alikuwa na msimamo ambao sijaona mtu mwingine anauweza. Wimbo akishaurekodi anaachana nao, jukwaani hapigi tena. Unakwenda kwenye shoo yake unataka ile unayoipenda kwenye santuri, huipati, unapewa mpya ambazo bado zinaiva, zinapigwa na kupigwa mbele ya watu mpaka zikomae ndo zinaingia studio. Kwa Fela albamu ndo mwisho wa safari ya wimbo. Wengi wetu tumezoea kinyume, albamu inatoka halafu msanii anazunguka kuirudia. Mkuu kipaza_juu hapo ndo naona swali lako linageuka: kama wimbo umeiva jukwaani kabla haujarekodiwa, basi studio inapokea kitu kizima. Kama umetengenezwa vipande vipande studio, ukija jukwaani mwimbaji anaanza kujifunza wimbo wake mwenyewe mbele ya watu.

mkono_wa_kanga:

Sebene_ndefu umeongea vizuri, ngoja nimalizie upande wa taarab maana msipoitaja hii mada haijakamilika.

Umm Kulthum, ambaye taarab yetu imekunywa sana kwake na kwa muziki wa Misri kwa ujumla, alikuwa na onyesho Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi na redio ya Cairo inalirusha moja kwa moja, nchi za Kiarabu zinakaa kumsikiliza. Wimbo mmoja saa nzima! Enta Omri aliyotungiwa na Mohammed Abdel Wahab 1964 vyombo vinapigwa dakika nyingi kabla hajainuka kwenye kiti. Akiimba mstari watu wakipagawa wanamwomba arudie, anaurudia, na kila akirudia anaubadilisha kidogo, mara anaushusha, mara anauvuta neno la mwisho, akishika kile kitambaa chake mkononi. Urefu wa wimbo unategemea watu wa usiku ule. Kwa hiyo rekodi mbili za wimbo mmoja haziwezi kulingana na hakuna hata moja unayoweza kusema ndo yenyewe. Nimezisikiliza za usiku tofauti na nawaambia mtu aliyesikia moja tu hajausikia wimbo.

Na Bi Kidude wetu. Alipewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 akiwa bibi mzee tayari na akaendelea kupanda jukwaani mpaka karibu na kifo chake Aprili 2013. Rekodi zake ni nzuri, zitunzwe, lakini anayemjua kwa rekodi tu amekosa nusu. Sauti imekauka imejaa mchanga, anaifungulia kutoka kifuani bila kuomba ruhusa ya maiki, na akipiga ile ngoma amesimama ameikumbatia na mapaja, huwezi kumtazama mtu mwingine. Hapo hakuna kii ya kushusha wala monita. Fundi utanisamehe.

fundi_mitambo_wa_bendi:

Hakuna cha kusamehe, sauti iliyozoea kuimba bila umeme ndo raha ya fundi, unafungua maiki kidogo tu unakaa pembeni. Shida yangu ni wale waliozoea kunong'onea maiki ya studio, ukimuweka mbele ya trampeti nne nifanye nini.

ukimya_wa_studio:

Hoja ya Fela na ya Umm Kulthum nazikubali, ila mnaona mlivyohama. Mwanzo mlisema laivu inampima mwimbaji. Sasa mnasema kuna muziki uliozaliwa jukwaani na mwingine umezaliwa studio. Hiyo mimi naikubali kabisa. Albamu iliyozaliwa studio niachieni niisikilize kwa hedifoni usiku, wala simdai msanii wake aje anithibitishie kitu uwanjani.

noti_ya_bluu:

Nimechelewa uzi ila nimesoma wote. Naongeza moja tu. Nina Simone, tarehe 7 Aprili 1968, Westbury, New York. Martin Luther King ameuawa siku tatu nyuma. Anaimba Why? (The King of Love Is Dead), wimbo alioutunga mpiga besi wake Gene Taylor baada ya habari ile, bendi wameufanyia mazoezi siku hiyo hiyo. Iko kwenye albamu ya 'Nuff Said! ya mwaka huo huo ila tafuteni toleo refu, lile ambalo anaacha kuimba anaongea na watu, anataja wasanii waliokwisha kuondoka, sauti inakatika. Huo wimbo ungesubiri studio miezi mitatu ungekuwa kitu kingine, pengine kingekuwa kizuri zaidi kwa masikio, lakini usiku ule usingekuwemo. Kwa hiyo ukimya_wa_studio nakuelewa ila kuna vitu vinaimbwa mara moja.

Na marehemu Cesária Évora, mwimbaji wa Cape Verde, kwa wale wanaodhani laivu ni mbwembwe. Miguu peku, hachezi, haruki, katikati ya shoo anakwenda kukaa kwenye kimeza jukwaani anavuta sigara yake bendi ikiendelea, akimaliza anarudi kwenye maiki anaimba. Na ukumbi wote unamsubiri.

kipaza_juu:

Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Fundi umenifanya niwaonee huruma watu niliokuwa nawasema vibaya sana, kuanzia sasa nikiona mwimbaji amehama noti nitaangalia kwanza kama anashika sikio. Sebene_ndefu hii ya wimbo kuiva kabla ya kurekodiwa nimeielewa mpaka ndani, James Brown zile nyimbo za Apollo alishazipiga barabarani usiku hadi usiku kabla ya Oktoba ile, ndo maana bendi inazima na kuwaka kwa pamoja vile.

Ukimya_wa_studio kwa What's Going On nakuachia, kwa Distant Lover sikuachii.

Wiki hii naanza na Aretha, nitazima simu, halafu Umm Kulthum usiku mbili tofauti za wimbo mmoja kama nilivyoambiwa. Kuna mtu ana ya kuongeza ambayo sio uwanja mkubwa? Nataka ukumbi mdogo, ule wa kusikia mpaka glasi.

besi_nzito:

Donny Hathaway, Live, 1972. Nusu moja ilirekodiwa Troubadour kule Hollywood, nyingine The Bitter End, New York, kumbi ndogo zote mbili, watu wako karibu kiasi unasikia mmoja mmoja. Kwenye You've Got a Friend, kiitikio kikifika tu ukumbi unaimba wote na Donny anawaachia. Halafu usiishie hapo, nenda mpaka wimbo wa mwisho, Voices Inside, unaenda zaidi ya dakika kumi, kila mpigaji anapewa zamu yake, na zamu ya Willie Weeks kwenye besi ikifika ongeza sauti. Anaanza taratibu kama hana haraka na mtu, usipeleke mbele.